Msumari wa Kocha Mabry

Simu iliita Jumanne, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, na Lyle Brandvold akaipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Alikuwa ofisini tangu saa kumi. Jumanne ni siku ya wachezaji kupumzika na ya makocha kukesha. Ndiyo siku mpango wa mechi ya Jumapili unaposukwa. Lyle, kocha wa safu ya mbele ya Wahunzi wa Dayton, timu ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, alikuwa anatazama picha za kipigo cha wiki iliyopita kwa mara ya tatu, anasimamisha, anarudisha nyuma, anahesabu hatua za watu wake watano.

"Lyle." Ilikuwa sauti ya Wendell Mabry, kocha mkuu. "Niko Alabama."

"Sawa, Kocha."

"Nimechukua timu ya Chuo Kikuu cha Tarrance. Nilisaini jana. Ndege ya kuwaleta wenzangu itaondoka Alhamisi saa kumi jioni, ule uwanja mdogo wa ndege. Nataka safu yangu uishike wewe. Mkataba miaka mitano."

"Sawa, Kocha."

Mabry akakata. Lyle aliitazama simu mkononi. Mazungumzo yote yalichukua sekunde ishirini na mbili.

Alikuwa amemjibu Mabry hivyo kwa miaka kumi na tisa, katika timu tatu. Mechi ikiendelea, makocha wote huvaa vifaa vya masikioni, na kati ya mchezo mmoja, yaani shambulio moja fupi, na unaofuata saa ya uwanjani inatoa sekunde arobaini tu. Mabry akisema, anayeambiwa hujibu "Sawa, Kocha" na kutenda. Mwenye hoja hungoja Jumatatu, mlango ukifungwa. Anayebisha hewani anakula muda wa watu wote, na Lyle hakuwahi kubisha hata mara moja. Alijivunia jambo hilo. Asubuhi hiyo mdomo wake ulijibu kwa mazoea, kama goti linavyoruka daktari akiligonga, na akili ilipowasili ilikuta kazi imeshamalizika.

Aliinuka, akatoka kwenda kumwaga kahawa iliyopoa, na njia ya kwenda jikoni ilimpitisha mbele ya taruma.

Lilikuwa taruma la reli, boriti ya mwaloni ya kulaza chini ya vyuma vya treni, limelazwa juu ya vigogo viwili katika ujia unaotoka chumba cha kubadilishia nguo kwenda uwanja wa mazoezi. Mabry mwenyewe ndiye aliyeliagiza mwezi wa nane, kikosi kilipochujwa na kubaki watu hamsini na watatu. Hobie, mtunza vifaa, alitoboa matundu kwanza ili ubao usipasuke, kisha kila mmoja, mchezaji na kocha, alipewa msumari wa reli na nyundo kubwa. Waligongelea kwa zamu. Mabry alianza, karibu kabisa na mlango, kwa mapigo manne. Halafu akatoa sheria, na sheria ilikuwa fupi: anayeondoka ang'oe msumari wake kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wanaobaki. Aliyeachwa, aliyeuzwa, aliyechoka, wote mamoja. Mtaimbo uliegemezwa ukutani, hapo hapo.

Tangu wakati huo watu kumi na mmoja walikuwa wameng'oa. Mmoja wao, mkimbiaji wa miaka ishirini na mitatu kutoka Tulsa, alilia akisukuma mtaimbo, na hakuna aliyecheka. Kila mara Mabry alisimama pembeni, mikono kifuani, na msumari ukitoka aliitikia kwa kichwa mara moja.

Lyle alipita bila kulitazama taruma. Alifahamu kwamba hajalitazama.

*

Saa nane mchana mwenye timu aliwaita makocha, akawaambia kwa sentensi nne kwamba Mabry ameondoka, kwamba zimebaki mechi nne, kwamba kocha wa kikosi cha kujihami atashika usukani hadi mwisho wa msimu, na kwamba hatapokea maswali. Wahunzi walikuwa wameshinda mechi tatu na kupoteza kumi. Kila mtu chumbani alijua hesabu ya mwezi wa kwanza: kocha mkuu mpya huja na watu wake, na waliokuwapo hukusanya picha za watoto wao kutoka mezani. Lyle alikuwa amefagiliwa hivyo mara nne. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Safari hii hapangekuwa na wa kumpigia simu, kwa maana mtu pekee aliyekuwa akimpigia siku zote ni Mabry.

Hakusema neno kuhusu ile simu. Wengine wanne, ambao Mabry alikuwa amewapigia pia, nao hawakusema, na baadaye alitambua kwamba hata wao walikuwa wanatazama meza.

Jioni alimweleza mkewe. Marlys alikuwa anamenya viazi, akamsikiliza hadi mwisho bila kusimamisha kisu.

"Ukamjibu nini?"

"Nilisema sawa."

"Ulimaanisha?"

"Sijui. Ilitoka tu."

Marlys akaweka kisu chini. "Lyle, mimi nikikuuliza kama unataka mchuzi juu ya viazi unafikiri dakika nzima. Miaka thelathini na miwili. Huyo bwana anakuomba maisha yako, unampa kwa sekunde mbili?"

"Maisha yetu."

"Mimi hajaniomba."

Kisha akasema maboksi yapo gereji, yamekunjwa, na kamba ipo. Yalikuwepo siku zote. Walikuwa wamehama mara kumi na moja, na Marlys hakuwa mtu wa kutupa boksi zuri. Hakutaja kwamba dada yake Ardis anaishi Alabama, mwendo wa saa mbili kutoka Tarrance, na kwamba tangu majira ya joto moyo wa Ardis haukuwa mzuri. Hakutaja, na Lyle alisikia jinsi ambavyo hakutaja.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza Marlys.

"Hakuna."

"Na yule kijana wako Msamoa?"

 Lyle akachukua kiazi na kuanza kumenya.

Isaako Leota hakuwa kijana. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, kapteni, mtu wa katikati katika safu ya Lyle, yule anayeinama juu ya mpira na kuurudisha nyuma kati ya miguu yake ili mchezo uanze. Mwezi wa kumi bega lake la kulia lilichanika. Madaktari walisema apasuliwe mapema, ndipo apone vizuri kwa msimu ujao. Mabry alimtuma Lyle kwa Leota, lakini maneno yalikuwa ya Lyle mwenyewe. Alikaa kwenye kochi la watu, akala wali na nyama aliyopakuliwa na mama mkwe wa Leota, kisha akamwambia: shikilia mpaka mwezi wa kwanza. Tunamaliza wote. Kila siku utakayoinama juu ya ule mpira, mimi nitakuwa nyuma yako.

Leota aliahirisha upasuaji. Tangu siku hiyo alikuwa amecheza mechi saba, na kabla ya kila moja alidungwa sindano ya kuua maumivu.

*

Jumatano, saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, Chuo cha Tarrance kilitangaza jopo la makocha wa Mabry. Majina matano. La Lyle lilikuwa la pili, pamoja na picha yake ya miaka sita iliyopita. Yeye hakuiona habari hiyo. Simu yake aliitumia kupigia watu na kutazama hali ya hewa. Saa mbili na nusu alifungua mlango wa chumba cha kikao cha safu, makaratasi kwapani, akakuta watu tisa wamekaa kimya, na kimya cha watu wenye kilo mia na arobaini kila mmoja ni kizito.

Pruitt, mlinzi wa kushoto, ndiye aliyevunja. Pruitt hakuweza kunyamaza hata kanisani.

"Karibu, Kocha. Tulidhani uko njiani unanunua kofia ya jua."

"Nini?"

"Alabama kuna jua, nasikia. Kuna wali na kamba wa mtoni. Kuna vijana wa miaka kumi na minane wanaokuita bwana mkubwa." Akainua simu. "Umependeza kwenye picha lakini. Ulikuwa na nywele."

Lyle aliichukua simu, akasoma. Alisoma mara mbili, kama asomavyo kila kitu, kisha akairudisha.

"Ni kweli?" aliuliza Leota. Alikuwa amekaa mbele, mkono wa kulia umelala mapajani.

"Jana alfajiri alinipigia. Nikamwambia sawa. Nilisema kabla sijafikiri."

"Aa, ulisema kabla hujafikiri," Pruitt alisema. "Mimi nilimwoa Krista hivyo hivyo. Bado nimemwoa."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajutia kicheko chake.

"Pruitt, nyamaza," Leota alisema, bila ukali. Akamgeukia Lyle. "Kocha, mimi sikuombi ubaki. Una mke. Una umri. Ningekuwa wewe labda ningekuwa nimeshapanda ndege. Nina swali moja tu. Mabry hakuja kung'oa msumari wake. Wewe utaung'oa wako mbele yetu, au na wewe tutaamka asubuhi moja hupo, msumari umebaki?"

Lyle aliweka makaratasi mezani. Mpango wa mechi, kurasa kumi na nne, kila mchezo na picha yake.

"Twendeni," alisema.

Wakatoka wote kumi hadi kwenye ujia. Wachezaji wengine waliokuwa wanapita walisimama. Hobie alitoka katika stoo yake na taulo begani, akaona, akabaki mlangoni. Lyle akauchukua mtaimbo. Msumari wake ulikuwa wa saba kutoka mlangoni. Alikumbuka kwa sababu aliugonga vibaya mwezi wa nane, na kichwa chake kilikuwa kimepinda kuelekea kushoto. Akaingiza ncha ya mtaimbo chini ya kichwa hicho na kuweka uzito wake.

Mwaloni ulitoa mlio mdogo. Msumari ulipanda kidogo sana, upana wa ukucha.

Hapo akasimama. Hakuna lililomjia akilini, wala sura ya baba yake wala sauti ya mtu. Alichoona ni jambo dogo la kazi. Mkono wa Leota, ulioning'inia ubavuni, ulikuwa unatetemeka kwa namna anayoijua mtu aliyeutazama kwenye picha za mchezo kwa wiki saba, akisimamisha na kurudisha nyuma. Jumapili angekuwapo mtu wa kumpanga mlinzi wa kulia asogee nusu hatua ndani ili kuufunika upande ule, au asingekuwapo. Katika jengo zima, aliyeijua ile nusu hatua alikuwa Lyle peke yake. Hakuiandika popote, maana kuiandika kungekuwa kukiri kwamba bega limekwisha.

Akautoa mtaimbo. "Nipeni dakika kumi," alisema.

"Kumi zako, au za Mabry zisizo na kurudi?" Pruitt aliuliza, lakini kwa sauti ya chini.

*

Mabry alipokea simu mara moja. Nyuma yake kulikuwa na bendi inafanya mazoezi.

"Lyle! Umeshafunga mizigo?"

"Siji, Kocha."

Bendi iliendelea. Mabry akafunga mlango fulani na kelele ikafifia.

"Rudia."

"Nilijibu haraka. Nimekosea, na kosa ni langu. Siji."

"Jina lako limeshatangazwa."

"Nimeliona."

"Nisikilize vizuri." Sauti haikuwa ya hasira, ilikuwa ile ya Jumatatu, ya mlango uliofungwa. "Mwezi wa kwanza, Jumatatu ya kwanza, yule tajiri atawafukuza nyote kabla ya chakula cha mchana. Unajua. Mimi ningefukuzwa pia. Vijana wachezaji wa sekondari wanachagua vyuo wiki ijayo, siyo mwezi wa kwanza. Ningengoja mechi nne za kufungwa, ningekuta nafasi imekwenda na vijana wamekwenda. Sikuipanga mimi kalenda. Nimekosea wapi?"

Lyle alifikiri, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Hakuona kosa katika hesabu.

"Hesabu yako ni sahihi, Kocha."

"Basi?"

"Nilimwambia Leota nitakuwepo."

"Nilikutuma mimi."

"Ulinituma. Aliyesema ni mimi."

Mabry alivuta pumzi. Miaka kumi na tisa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Lyle kumsikia akitafuta neno.

"Ndege ya pili haitakuwepo," alisema hatimaye. "Nafasi yako nitampa mtu leo."

"Naelewa."

"Marlys anajua?"

"Nitamwambia jioni."

"Mungu akusaidie basi." Kicheko kifupi, kikafa. "Lyle. Ule msumari wangu. Gazeti litaleta mpiga picha, nawajua wale. Mwambie Hobie autoe kimya kimya."

Lyle alitazama dirishani. Uwanja wa mazoezi ulikuwa na barafu nyembamba pembezoni.

"Hapana, Kocha," alisema. "Huo ni wako."

Aliporudi ujiani watu walikuwa bado wamesimama. Akachukua nyundo kubwa, akaushindilia msumari wake hadi ulipokuwa. Pigo moja lilitosha, akapiga la pili. Hakuna aliyeshangilia. Leota aliitikia kwa kichwa mara moja, na Pruitt akasema, "Haya, tumechelewa kikao, na huyu mzee atatulaumu sisi." Wakarudi chumbani. Lyle akafungua ukurasa wa kwanza wa mpango, akaanza kuwaonyesha ile nusu hatua.

*

Marlys alipoambiwa alikaa kwenye ngazi ya gereji, karibu na maboksi, koti mwilini.

"Umefanya vema," alisema. Kisha akaongeza, "Ardis nitampigia mwenyewe. Wewe usimpigie."  Mwezi wa pili, moyo ulipomlaza Ardis hospitali, Marlys aliendesha gari kwa muda wa saa tisa kwenda kwake peke yake. Lyle alielewa kwamba gharama ile haikuwa imelipwa na yeye.

Jumapili ile walifungwa ishirini na nne kwa kumi na tatu, katika mvua iliyochanganyika na theluji. Leota alicheza michezo yote sitini na mmoja ya mechi hiyo. Upande wake wa kulia haukupenywa hata mara moja. Kwenye magazeti haikuandikwa popote, kwa kuwa jambo ambalo halikutokea haliandikwi. Mechi iliyofuata walishinda kwa pointi mbili, zilizofuata mbili wakafungwa.

Mpiga picha alikuja kweli. Alipiga picha ya msumari wa kwanza karibu na mlango, ukurasa mzima, na kwa siku tatu watu wa Dayton walipata la kusema wakinunua mkate. Kisha theluji nzito ikaanguka na wakaanza kuzungumzia barabara.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kwanza mwenye timu aliwafukuza makocha wote, saa nne na robo asubuhi. Alitumia sentensi tatu. Mchana wachezaji walikuja kuchukua vitu vyao, na bila mtu kuagiza, walipanga foleni ujiani. Msimu ulikuwa umekwisha. Wote walikuwa wanaondoka. Wale makocha wanne walikuwa wameshang'oa yao ile Alhamisi, kabla ya kupanda ndege. Mtaimbo ulipita mkono hadi mkono. Pruitt alipong'oa wake aliubusu, akasema atampelekea Krista kama ushahidi kwamba kuna kitu aliwahi kumaliza.

Leota alikuja na mkono umefungwa kifuani. Alikuwa amepasuliwa Ijumaa, na daktari alimwambia bega lilikuwa baya kuliko lilivyoonekana kwenye picha. Kucheza tena, labda, labda hapana. Lyle alijua. Alikuwa amekaa hospitali pale hadi Leota alipozinduka. Alinyoosha mkono apokee mtaimbo amsaidie.

"Acha, Kocha," Leota alisema. "Sheria ni mikono yako mwenyewe."

"Una mmoja."

"Basi huo."

Ilichukua muda mrefu. Kwa mkono wa kushoto alisukuma, akapumzika, akasukuma. Lyle alisimama nyuma yake, hatua moja, kama alivyoahidi kwenye kochi lile, na hakugusa kitu. Msumari ulipotoka ulianguka sakafuni, ukabiringika hadi kwenye kiatu cha Lyle. Aliuokota na kumpa.

"Wako nao," Leota alisema.

Wa Lyle ulitoka kwa shida kwa sababu ya kichwa kilichopinda, na kwa sababu ulikuwa umegongwa mara mbili. Akautia mfukoni mwa koti. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka.

Saa kumi jioni ujia ulikuwa mtupu. Hobie alikuja na vibarua wawili kuliondoa taruma, maana kocha mpya alikuwa ameshasema hataki kuliona. Lilikuwa limejaa matundu, safu mbili ndefu. Msumari ulibaki mmoja tu, ule wa karibu na mlango.

"Huu tuung'oe?" kibarua mmoja aliuliza. "Utatukwaruza."

Hobie alimtazama Lyle, aliyekuwa amesimama na boksi lake la vitu.

"Mwenyewe hayupo," Lyle alisema.

Wakalibeba hivyo hivyo, watu watatu, na Lyle akaweka boksi lake chini ili awashikie mlango.